Kutoka Duvanip Hadi Kwermil

Mimi ni muuguzi. Nimekaa Duvanip miaka kumi na sita, na watu wa huku wananiita Sista Geua. Wengi wameshasahau kwamba kwetu ni pwani, mbali na milima hii. Nilikuja hapa kwa ndege, na Mungu akipenda nitaondoka kwa ndege, kwa sababu barabara haipo na sidhani kama itafika nikiwa hai.

Kutoka kiwanja chetu cha nyasi hadi kiwanja cha Kwermil, kule kwenye hospitali, ni kilomita arobaini na moja. Ndege ndogo ya injini moja inazimaliza kwa dakika kumi na moja. Nimezihesabu mwenyewe kwenye saa yangu mara nyingi, huku nimemshika mgonjwa mkono. Kwa miguu ni siku tatu, kama huna mzigo na magoti yako ni mazima. Ukibeba mtu ni siku nne au tano, maana njia inashuka hadi mtoni, inapanda, inashuka tena, na kuna mahali inabidi ushike mizizi kwa mikono miwili. Njia hiyo niliishika mara moja tu, na sikuimaliza.

Habari hii ni ya Kasening, wakala wa kiwanja chetu, na ya dada yake Sonapen.

Kazi ya wakala si kubwa kwa mtu anayeitazama kwa mbali. Anapima mizigo na abiria kwenye mzani, anafukuza nguruwe, anahimiza watu wakate nyasi. Lakini kila siku, kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kasening alikuwa anakitembea kiwanja chote, kutoka juu mlimani hadi mwisho wa chini kwenye korongo, miguu mitupu, akiwa na kipande cha nondo mkononi. Nondo ile ilikuwa na ncha, na juu kidogo ya ncha ilipakwa rangi nyekundu. Kapteni Tukana, rubani wetu wa Kwermil, ndiye aliyeipaka. Alimwambia, "Idunge kwa uzito wako wote. Ikizama ikapita rangi, mimi siji, hata kama anayeniita ni mama yangu." Basi Kasening alikuwa anadunga kila hatua ishirini, kisha anaingia kwenye kibanda cha redio na kuwaambia Kwermil hali ya mawingu, ya upepo, na ya udongo. Akisema hapafai, ndege haiji. Akisema panafaa, inakuja. Rubani hana macho mengine huku.

Mume wa Sonapen aliitwa Fagoi. Yeye na Kasening walikua pamoja, na baada ya ndoa utani wao ukazidi. Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi Fagoi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiwanja akila gimbi la kuchoma, akamwona mwenzake anadunga.

"Shemeji," alimwita, "hiyo nyasi unaitomasa kuliko unavyomtomasa mkeo. Siku moja ataondoka na mwanamume anayemjali."

"Akiondoka ataondoka kwa ndege," Kasening akasema bila kuinua kichwa. "Na mimi ndiye nitakayempima uzito, yeye na mabilum yake."

"Na huyo bwana mpya?"

"Naye nampima. Akizidi kilo, anabaki hapa na wewe."

Wanawake waliokuwa wanapita na mabilum, mifuko ya kusuka ya huku, yamejaa viazi yananing'inia kichwani, walicheka mpaka wakasimama. Sonapen alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na alikuwa na mimba ya tatu wakati ule, changa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Kasening hakulitania. Upande wa juu wa kiwanja kulikuwa na mfereji uliochimbwa na wazee ili maji ya mlima yasiingie kwenye nyasi. Mfereji ulikuwa umejaa udongo na majani. Nusu yake ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wa Fagoi, nusu kwenye ardhi ya ukoo wa Kasening, na kila upande ulisema mwenzake aanze. Nilikuwapo kwenye mikutano mitatu ya mfereji ule. Watu walisema maneno mazuri, wakachinja nguruwe na kula, wakaenda nyumbani. Na mimi nilikula.

Mvua ilianza wiki ya pili ya mwezi wa tano, ikanyesha mfululizo. Si mvua ya kupita, ilikuwa mvua ya kukaa. Siku ya tisa, kabla jua halijazama, Sonapen alijifungua mtoto wa kiume kwenye zahanati yangu, mtoto mzima, analia vizuri. Lakini kondo la nyuma halikutoka. Nilisubiri, nikabonyeza tumbo, nikamwambia anyonyeshe. Dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ilikuwa imeniishia wiki tatu kabla, na nyingine ilikuwa inangoja Kwermil ndani ya boksi. Mwishowe niliingiza mkono, nikatoa nilichoweza. Si lote. Damu ilipungua, haikukoma.

Kulipopambazuka nilikuwa kwenye kibanda cha redio. Kasening alikuwa ameshakitembea kiwanja mara mbili. Matope yalimfika juu ya vifundo vya miguu. Fagoi alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Atemok, mama yao Kasening na Sonapen, amejifunika gunia kichwani.

"Vipi?" nilimuuliza Kasening.

"Huku juu ni pagumu. Katikati pagumu. Robo ya chini nondo inazama."

"Inazama kiasi gani?"

Alinionyesha vidole viwili juu ya rangi.

Ndege zetu zinatua zikipanda mlima na kuruka zikishuka. Robo ya chini ndipo gurudumu linapogusa kwanza, na ndipo ndege inapotakiwa kuwa na mbio wakati wa kuondoka, kabla ya korongo. Nilijua hayo. Kila mtu wa Duvanip anayajua, hata watoto wanayacheza. Hata hivyo nilisogea karibu naye nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kasening, mwambie ni pagumu. Tukana ni fundi. Atagusa juu zaidi."

"Sista, hawezi kugusa juu zaidi. Hapatoshi."

"Mwambie tu. Aje ajionee mwenyewe."

"Akija kujionea atakuwa ameshagusa."

Redio ikakoroma. Sauti ya Tukana ikaja, ile ya kisiwani kwao, yenye kuvuta maneno. "Duvanip, Duvanip, hapa Kwermil. Nimeambiwa Sista ana mama anayetoka damu. Injini iko tayari. Nipe hali ya kiwanja."

Kasening alishika kipaza sauti, kitufe bado hajakibonyeza. Fagoi akasema kutoka mlangoni, "Sema, shemeji." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo alilosahau.

"Kwermil, hapa Duvanip," Kasening akasema. "Mawingu yako juu ya kilima, njia iko wazi. Upepo hakuna. Kiwanja, robo ya chini kimelowa. Nondo inapita rangi kwa vidole viwili. Hakifai."

Kisha Tukana, "Rudia udongo."

"Hakifai, Kapteni."

"Nimesikia. Saa sita pima tena. Nipo hapa hapa, siendi kokote."

Fagoi alimwangalia Kasening kwa muda mrefu, kisha akageuka akatoka kwenye mvua. Atemok alibaki. Alisema, "Mwanangu, huyo ni Sonapen," kama vile pengine hakuwa amemtambua. Kasening alijibu, "Najua, mama." Akachukua nondo akarudi kiwanjani.

Saa sita alipima, haikufaa. Saa tisa alipima, haikufaa, na jioni mvua ikaongezeka. Niliomba helikopta kupitia redio. Iliyokuwapo ilikuwa upande wa pili wa nchi, ingechukua siku nyingi kufika. Sonapen alikuwa anaongea, anakunywa supu, anamnyonyesha mtoto, lakini kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi, na homa ilikuwa inaanza.

Asubuhi ya pili majibu yalikuwa yale yale. Lakini baada ya nusu saa tulisikia ndege. Watu wote walitoka nje. Tukana alikuja bila kuitwa, akapita chini chini juu ya kiwanja mara mbili, tukamwona kichwa chake kimeinama dirishani. Fagoi alikimbia hadi katikati ya nyasi akampungia mikono yote miwili, anaruka, anamwonyesha pa kugusa. Mara ya tatu mlango ukafunguka kidogo, likadondoka boksi lililozungushiwa godoro. Kisha ndege ikainama bawa, ikapita kwenye pengo la mlima, ikaenda zake.

Ndani ya boksi mlikuwa na dripu, dawa ya homa, na ile dawa ya kukaza mfuko. Nilimpa zote. Zilisaidia, lakini alichohitaji Sonapen ni chumba cha upasuaji na damu ya mtu mwingine.

Fagoi alikuja zahanati akiwa na matope hadi mapajani. "Amefika hadi pale," alisema, "ameiona nyasi kwa macho yake, ni kijani, ni nzuri. Hakutua kwa sababu ya neno la mtu mmoja." Kisha akaniuliza, "Tumbebe?"

Hapa naomba nieleweke. Uamuzi wa kumbeba ulikuwa wangu. Fagoi aliuliza, lakini mimi ndiye niliyesema ndiyo. Niliitazama anga, sikuona dalili ya jua. Nikafikiri kwamba kukaa ni kumwangalia akiisha, na kwamba kutembea ni kufanya kitu. Mtoto tulimwacha kwa Atemok, pamoja na mwanamke wa ukoo aliyekuwa ananyonyesha.

Wanaume wanane walitengeneza machela kwa miti miwili na blanketi. Kasening alikuja kushika mti wa mbele. Fagoi akamwondoa mkono.

"Wewe baki na nondo yako."

"Ni dada yangu, Fagoi."

"Jana alikuwa dada yako. Baki."

Sonapen alifumbua macho. Alisema kwa ile sauti yake nzito, sasa imepungua, "Acheni. Kasening, kaa na redio. Kiwanja kikikauka tuma mtu atuite turudi." Kasening akainama akamwekea blanketi vizuri miguuni. Tulipoingia msituni niligeuka nikamwona bado amesimama palepale.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wabebaji walipokezana bila kupumzika, na Fagoi hakupokezana na mtu. Tulilala kwenye kibanda cha wawindaji. Siku ya pili mvua ilikatika, na njia ya kushuka mtoni ikawa utelezi mtupu. Machela ilikuwa inainama, inanyanyuka, na kila ilipoinama Sonapen alikuwa anauma meno. Damu ilianza tena. Nilikuwa nimetundika dripu ya mwisho kwenye fimbo, nikitembea ubavuni kwake, nikiteleza na kuamka.

Alifariki saa tisa alasiri, karibu na daraja la kamba, tukiwa tunasikia mto. Aliomba tumweke chini kidogo. Aliniuliza, "Sista, tumefika nusu?" Nikamwambia tunakaribia nusu. Akasema, "Basi pumzikeni." Alikuwa anamaanisha wale vijana wa machela. Fagoi akamshika kichwa. Baada ya muda nikatoa sindano mkononi mwake nikafunga kidonda kile kidogo kwa plasta, sijui kwa nini, mazoea tu.

Kesho yake tulianza kurudi naye. Jua liliwaka. Asubuhi, tukiwa mteremkoni, tulisikia ndege. Ilipita juu ya miti, chini, ikielekea Duvanip, na sauti yake ikabadilika vile inavyobadilika ikitaka kutua. Kiwanja kilikuwa kimekauka. Wabebaji walisimama bila kuambiana. Fagoi aliweka mti wake chini taratibu, akakaa kwenye matope, akaziba masikio kwa viganja. Alikaa hivyo mpaka sauti ikaisha. Hakuna aliyemharakisha.

Baadaye niliambiwa kwamba Tukana alitua, akazima injini, akangoja saa nne kando ya kiwanja. Kasening alikuwa ametuma mtu mwenye mbio kutuita, lakini mtu huyo alitukuta tunarudi.

Nimefanya hesabu mara nyingi. Kama tungekaa, ndege ingefika kabla haijatimia siku moja tangu saa aliyofariki. Kama tusingemtikisa njiani, pengine siku hiyo moja angeipata. Pengine asingeipata. Hesabu yangu haina jibu, na nimeacha kuwauliza madaktari.

Tulimzika juu ya bustani ya mumewe. Siku ya tatu ya msiba, Fagoi, akiwa amejipaka udongo wa maombolezo mwili mzima, alikwenda kwenye kibanda cha redio. Alichukua ile nondo akaitupa korongoni. Kasening alikuwa mlangoni, hakumzuia.

"Ulimpima dada yako kwa chuma," Fagoi alimwambia.

Jioni hiyo hiyo Atemok alimwita mwanawe mbele yangu. Alikuwa na mjukuu mapajani. "Angekuwa mke wa mtu mwingine," alimuuliza, "mke wa mtu wa mbali usiyemjua, ungesema nini kwenye redio?"

"Ningesema vilevile, mama."

"Na hilo ndilo linaloniuma," alisema Atemok. "Nenda."

Atemok alihamia kwa Fagoi kulea mtoto na wakubwa zake wawili. Chakula kilichotoka nyumbani kwa Kasening alikirudisha na majani yake juu, hakijaguswa. Na Kasening aliacha kazi. Hakutangaza. Asubuhi moja redio iliita Duvanip, Duvanip, na hakukuwa na mtu wa kujibu.

Wiki mbili zikapita bila ndege. Chumvi ikaisha dukani, na mimi nikaishiwa chanjo. Nikaamua kujibu mwenyewe. Nilikitembea kiwanja na fimbo, nikabonyeza hapa na pale, nikaenda kwenye redio nikasema nadhani panafaa.

"Sista," Tukana akasema, "unadhani au unajua?"

"Nadhani."

"Basi siji, Sista. Nisamehe."

Nilikaa kwenye kibanda kile nikalia. Wiki zote mbili sikuwa nimelia. Kisha nikaenda kwa Kasening, nikamkuta anaparua viazi. Nilimwambia kwamba nilimshawishi aseme uongo, na kwamba kama angenisikiliza mimi ndiye ningekuwa ndani ya ndege hiyo na Sonapen. Aliendelea kuparua.

"Nilikuwa nimeshaamua kusema panafaa," alisema mwishoni. "Wewe hukunishawishi, Sista. Nilikuwa nimeshaamua tangu kule chini, nondo ikiwa bado ardhini. Nilipobonyeza kitufe nikasikia mdomo wangu unasema vingine. Sijui aliyesema ni nani. Ndiyo maana siwezi kurudi pale. Wakiniuliza tena sijui mdomo huu utasema nini."

Nikarudi zahanati.

Mwezi mmoja baadaye, mchana, watoto walikuja mbio wakisema kuna mtu mnene anatoka msituni, amevaa kofia ya rubani. Nilifikiri wanatania. Alikuwa Tukana. Alikuwa amechukua likizo yake, akatafuta kijana mmoja wa Kwermil wa kumwonyesha njia, na akatembea. Ilimchukua siku tano. Kucha za vidole vyake vikubwa vya miguu zilikuwa zimeng'oka, goti limevimba, ndevu zimeota. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiipita safari hiyo akiwa bado na kahawa ya moto kwenye chupa.

Nilimwosha miguu zahanati. "Kapteni, ungesubiri," nilimwambia.

"Ningesubiri nini? Hakuna anayenipa hali ya kiwanja." Alinipa mfuko mdogo wa popoo za kutafuna, alijua kwamba huku hazioti na kwamba ninazitamani. "Nimepita pale kwenye daraja," alisema. "Kijana alinionyesha mahali. Sikujua kuna mahali kama pale chini. Kutoka juu ni kijani tu."

Alikwenda kwa Fagoi akichechemea. Akakaa chini mbele ya nyumba pamoja na waombolezaji, saa nzima, bila kusema. Atemok akampa gimbi, akala. Kisha Fagoi akazungumza.

"Nikuulize, Kapteni. Kama angesema panafaa, ungekuja?"

"Ningekuja."

"Ungetua?"

Tukana alifikiri. "Ningetua. Gurudumu la mbele lingezama pale chini. Pengine lingevunjika, pengine lisingevunjika."

"Tuseme halikuvunjika."

"Basi ningempakia yeye, na Sista, na pengine wewe. Na ningeshuka mlima kutafuta mbio, na pale chini matope yangenishika." Akalishika goti lake lililovimba. "Sijui, Fagoi. Nimelifikiria njia nzima. Siku nyingine nafikiri ningepaa. Siku nyingine nawaona nyote kwenye korongo. Sikuja kukuambia kwamba alifanya vizuri. Nimekuja kukaa na wewe, kwa sababu siku ile nilikuona unaruka kwenye nyasi, na nikaondoka."

Fagoi aliinamisha kichwa. Udongo wa maombolezo ulikuwa umeanza kubanduka mabegani mwake. "Nimesikia," alisema.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya sepetu. Fagoi alikuwa kwenye mfereji wa juu, peke yake, amezama hadi magotini, anatupa udongo nje. Hakuwa upande wa ardhi yake. Alikuwa ameanzia upande wa ukoo wa Kasening. Watu walisimama kwa mbali wakamtazama, wakisubiri kuona kama kutakuwa na ugomvi. Jua lilipopanda, Kasening alitoka nyumbani na sepetu yake, akapita nyuma yetu, akaenda mwisho mwingine, ule wa ukoo wa Fagoi, akaanza kuchimba kumwelekea mwenzake.

Walichimba siku sita. Siku ya pili wengine waliingia, siku ya nne kijiji kizima kilikuwa mle, hata Tukana na goti lake, amekaa kwenye ukingo anakata mizizi kwa panga. Wawili wale hawakusemezana. Walipokutana katikati, Fagoi alipanda juu, akampa Kasening mkono kumvuta atoke, kisha akaenda kunawa.

Siku ya saba Kasening alitafuta nondo nyingine. Aliipaka rangi mwenyewe, Tukana akamwangalia kipimo. Kabla ya kuingia kibandani alisimama kwangu mlangoni. "Twende wote, Sista," alisema. "Usiseme kitu. Simama tu." Nikasimama. Aliita Kwermil, akatoa mawingu, akatoa upepo. Alipofika kwenye udongo alinitazama. Kisha akasema kinafaa, na rubani mwingine akaja kumchukua Tukana, akaleta chumvi, na chanjo zangu.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Kasening bado ni wakala. Mara mbili tangu wakati huo amesema hapafai wakati kuna mgonjwa, na wote wawili waliishi, mmoja kwa bahati tu. Fagoi hajaoa. Siku za mvua hutembea kiwanjani nyuma ya Kasening, hatua kumi nyuma, anaangalia nondo inavyozama. Hawataniani tena. Wanaulizana kuhusu mfereji, kuhusu nguruwe, kuhusu nani hajakata nyasi, na kila mmoja anarudi kwake.

Atemok ndiye aliyechelewa kuliko wote. Ilikuwa miezi tisa baada ya msiba. Nilikuwa kwa Kasening, nafunga kidonda cha mkewe, Atemok akaja amembeba mtoto mgongoni ndani ya bilum. Hakusalimia. Alikaa kwenye kizingiti, akamtoa mtoto, akamweka chini mbele ya mjomba wake. Mtoto alikuwa anaanza kusimama. Alishika goti la Kasening akajivuta.

"Ana kifua," Atemok alisema. "Sista ameshamwona. Anasema apate joto. Kwa Fagoi kuni zimelowa."

Kasening akaingia ndani, akachochea moto, akaongeza kuni mbili kubwa. Kisha akapakua viazi kwenye jani, akaliweka karibu na mama yake bila kumtazama. Atemok alikaa kitambo. Alichukua kimoja, akakimenya, akampa mtoto kipande, na kilichobaki akakila yeye.